Daftari la Mafuta: Premio, Mark X na kilomita 18 zisizofika

Barua za mwezi huu zimejaa Premio. Nyingi zinauliza mafuta, na moja, ya Corona Premio ya zamani, imenigusa hadi nikaiweka mwisho ili niijibu bila haraka. Nimezifupisha, kwa hiyo msishangae nikijibu jambo ambalo hamlioni kwenye barua. Kwa wasomaji wapya: nilikuwa karani wa usafirishaji kwa miaka 11, kazi yangu ikiwa kuandika lita na kilomita za magari ya watu wengine. Mwaka 2014 nilipopata la kwangu, Premio ya 2004 yenye injini ya cc 1,800, mkono ulishazoea kuandika. Madaftari mawili yamejaa, sasa niko la tatu. Ndiyo maana vijana mnaniita Mama Daftari, na jina nimelipenda.

Shikamoo Mama Daftari. Nimenunua Premio ya 2008, cc 1,500, imetoka Japani mwezi wa pili. Kwenye tangazo waliandika kilomita 18 kwa lita. Mimi napata 9, nikijitahidi sana 9 na nusu. Naishi Mbezi Mwisho, kazini Posta, kilomita kama 22 kwenda. Je, nimepigwa? — Kijana wa Mbezi, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu. Hujapigwa, na gari lako kwa jinsi ulivyoeleza ni zima.

Hiyo 18 ina historia yake. Gari la 2008 lilipimwa Japani kwa kipimo kinachoitwa 10-15. Gari halikuwa barabarani. Liliwekwa juu ya magurudumu ya chuma ndani ya jengo, injini ikiwa imeshapata moto, AC imezimwa, likaendeshwa kwa ratiba maalumu ya kuongeza na kupunguza mwendo. Umbali wote ulikuwa kilomita 4.16, wastani wa mwendo 22.7 kwa saa, na mwendo wa juu kabisa ni 70. Hakuna abiria wanne, hakuna begi la shule, hakuna kilima cha Kimara. Kuanzia 2011 wakaleta kipimo kingine, JC08, chenye mwendo mkali kidogo na sehemu inayoanza na injini ya baridi, na magari yaleyale yakaanza kuandikiwa namba ndogo zaidi. Kwa hiyo ukiona gari la 2008 limeandikwa 18 na la 2013 limeandikwa karibu hapohapo, usidhani yako sawa. Yamepimwa kwa rula mbili tofauti.

Sasa tuje kwenye barabara yako. Unasema unatoka saa kumi na moja na nusu asubuhi na kurudi unaanza saa kumi na moja jioni. Asubuhi unapita vizuri. Jioni ndiyo maumivu: Fire, Magomeni, Ubungo, halafu Kimara. Mwezi uliopita nilikaa na jirani yangu mwenye Premio kama yako, tukachomeka kifaa cha kusomea kompyuta ya gari, gari limesimama, AC inapuliza, gia ipo D na mguu kwenye breki. Kilisoma kati ya lita 0.8 na 0.9 kwa saa. Gari haliendi popote, lakini linakula.

Ulinitajia kwamba jioni unatumia saa mbili, na kwa makadirio yako karibu nusu ya muda huo magurudumu hayazunguki. Chukua dakika 50 za kusimama. Hiyo ni kama lita 0.7. Kilomita 22 zenyewe, zikiendeshwa bila kusimama ovyo, kwa injini yako tuzihesabu kwa 14 kwa lita: lita 1.6 hivi. Jumla lita 2.3. Gawanya 22 kwa 2.3, unapata 9 na nusu. Hiyo ni jioni peke yake, asubuhi unapaswa kupata zaidi, lakini unaona foleni inavyoweza kushusha namba hivyo bila injini kuwa na kosa lolote.

Jambo moja tu kwenye barua yako limenipa wasiwasi. Umeandika unapima kwa kutia mafuta ya elfu thelathini na kuangalia mshale. Mwanangu, acha hiyo. Mshale wa mafuta si kipimo. Mwingine unakaa juu muda mrefu kisha unashuka kwa kasi, mwingine kinyume chake, na gari likiegeshwa kwenye mteremko unasoma kitu kingine kabisa. Fanya hivi. Jaza tangi mpaka bomba lijifunge lenyewe mara ya kwanza, usimruhusu kijana wa sheli aongezee kidogokidogo hadi namba itimie. Weka tripu kwenye sifuri. Tembea siku zako. Ukirudi, nenda sheli ileile, pampu ileile, jaza tena mpaka bomba lijifunge. Kilomita za tripu gawa kwa lita zilizoingia safari hii. Andika tarehe, kilomita, lita. Fanya mara nne mfululizo kabla hujaamini namba, maana bomba moja likijifunga mapema na jingine likachelewa, lita mbili zinaweza kupotea kwenye hesabu ya mara moja.

Na kama matairi yamebadilishwa ukubwa, odometa nayo inasema uongo.  Muuzaji akikufungia tairi nene zaidi ili gari "linyanyuke", kila kilomita unayosoma ni fupi kuliko uliyotembea, na utalilaumu gari bure.

Habari za kazi Mama. Nina Premio ya 2003, injini ya 2.0 D-4. Mwaka juzi nilikuwa napata 11 Morogoro mjini na 13 safarini kwenda Dar. Sasa ni 7 na nusu mjini. Nimebadilisha plagi, nimesafisha nozeli, nimelipa fedha nyingi. Gereji wanasema injini imechoka, ninunue nyingine. — Mwalimu, Morogoro

Nzuri Mwalimu, na asante kwa kuniandikia kurasa tatu. Nimezisoma mara mbili. Kwenye ukurasa wa pili, katikati kabisa, uliandika kama jambo dogo: mwaka jana gari lilipata moto kupita kiasi ukiwa Mikese, fundi "akatoa themostati ili maji yatembee", na tangu hapo mshale wa moto haufiki katikati.

Hapo ndipo nilipoweka kidole.

Themostati ni kile kizibo kidogo cha shaba chenye springi, kinachokaa kwenye njia ya maji. Injini ikiwa ya baridi kinaziba, maji yasiende kwenye rejeta. Yakikaribia nyuzi 82 kinafunguka. Mafundi wetu wengi hukitoa na kukitupa, wanasema nchi yetu ni ya joto hatukihitaji. Wanakosea, na kosa hili linawagharimu watu fedha kila siku. Ukikitoa, maji yanakimbia kwenye rejeta muda wote na injini haipati moto wake. Kompyuta inasoma sensa ya maji, inaona nyuzi 60, inaamini gari limewashwa sasa hivi, basi inaongeza mafuta kama inavyofanya asubuhi. Kwako ni saa nzima, siku nzima, asubuhi isiyoisha. Kwa D-4 ni mbaya zaidi, kwa sababu injini ile hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na njia yake ya kuchoma mafuta kidogo inafanya kazi injini ikiwa na moto kamili tu. Bila moto, unabaki na gari la cc 2,000 lisilojua kubana matumizi.

Kwanza kabisa, fungisha themostati mpya, na fundi atafute kwa nini gari lilichemka Mikese. Kama ni feni, rejeta iliyoziba au mfuniko wa rejeta uliolegea, tatizo bado lipo limejificha.

La pili, oili. Unasema wanakuwekea 20W-50 kwa sababu gari ni la zamani. Injini yako ina VVT-i, mfumo wa kupanga muda wa valvu kufunguka, nao unatumia presha ya oili kupitia vitundu vyembamba kugeuza shafti ya valvu. Oili nzito inachelewa kufika, na inaburuza injini nzima ikiwa ya baridi. Rudi kwenye 5W-30. Kama ukirudi huko gari likaanza kula oili au kutoa moshi wa bluu, niandikie tena, hapo ndipo tutazungumza habari ya injini kuchoka.

La tatu halina gharama. Endesha kilomita kumi na tano bila kutumia breki sana, simama mahali salama, sogeza mgongo wa kiganja karibu na kila rimu. Usiguse, sogeza tu. Nitakwambia kwa nini.

Mwaka 2017 nilikuwa naenda msibani Korogwe. Nilijaza tangi Mbezi, na kwa safari ile gari langu huwa linanipa 13 hadi 13 na nusu. Baada ya Chalinze niliona halitelezi. Ukiachia mafuta kwenye mteremko mdogo linapaswa kwenda lenyewe, lakini lilikuwa kama mtu amelishika nyuma ya nguo. Nilijaza tena Segera, nikagawa palepale kwenye kaunta: 10.8. Nikazunguka gari. Magurudumu matatu yalikuwa na uvuguvugu. La mbele kushoto, kiganja kilikuwa bado inchi tatu mbali nikahisi joto la jiko, na harufu ile ya breki iliyoungua ikanipanda puani. Pini za kalipa zilikuwa zimekauka grisi, pedi imekumbatia diski toka Dar es Salaam. Kijana mmoja pale Segera alizitoa, akazisugua kwa msasa laini, akapaka grisi ya breki. Dakika 40. Kurudi nilipata 13.4. Gereji niliyokuwa naiamini ilikuwa imeshaniambia wiki mbili kabla kwamba pampu ya mafuta imekufa, na nilikuwa nimeanza kuchangisha fedha za pampu.

Kwa hiyo usinunue injini bado Mwalimu. Themostati, oili, magurudumu. Halafu tangi nne za daftari.

Na gia boksi yako ni CVT, ile ya otomatiki isiyo na hatua za gia. Waulize walikuwekea oili gani ndani. Kama hawajui, au wakisema "ATF ya kawaida tu", yaani oili ya gia boksi nyingine za otomatiki, imwagwe na uwekewe ya CVT inayokubaliana na Toyota. Gia boksi ikiteleza, mafuta yanapanda na gia boksi yenyewe inakufa.

Mama Daftari, tusaidie kabla hatujagombana. Tuna watoto watatu, wa mwisho ana miaka mitano. Mume wangu anataka Mark X ya 2006, shemeji yangu anayo na anasema haili mafuta. Mimi nataka Premio ya cc 1,800. Tunaishi Dodoma, tunakwenda Dar mara tatu au nne kwa mwaka. — Mama wa watatu, Dodoma

Dada yangu, nitasema ninachoamini bila kuzunguka: kwa familia yako, Premio. Lakini mume wako ana sababu, na nataka aone kwamba nimezisikia. Mark X ni gari zuri sana. Injini yake ya V6 ya cc 2,500 ni laini, barabarani imetulia, ukipita lori hapo Gairo unamaliza mapema na kurudi upande wako. Usalama wa kupita lori haraka si jambo dogo kwenye barabara ile.

Shemeji naye hasemi uongo. Safarini, akishika 90 bila papara, Mark X inaweza kumpa 10 au 11. Nimeandika moja mwenyewe, ya rafiki yangu, Dar hadi Dodoma: 10.6. Mjini ndiko ninakotaka mwende mkapime. Gari lile lile, wiki ya shule, lilinipa 6.8. Premio yangu mjini inanipa 8 na nusu hadi 9 na nusu kutegemea foleni, na Dodoma foleni zenu bado ni za huruma, mtapata zaidi.

Chukueni kilomita 15,000 kwa mwaka, nyingi za mjini. Kwa 7 kwa lita ni lita 2,140. Kwa 10 kwa lita ni lita 1,500. Tofauti lita 640. EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hutangaza bei kikomo ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Chukueni bei ya Dodoma ya mwezi huu mzidishe, kisha muiangalie namba hiyo pamoja mkiwa mezani.

Kama mnaagiza wenyewe, kuna kodi. Ushuru wa bidhaa kwa gari la cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5, ukipita 2,000 ni asilimia 10, na juu yake gari lililozidi miaka 10 linaongezewa asilimia 30 za umri. La 2006 litaingia humo, liwe Premio au Mark X. Matairi ya Mark X ya toleo la 250G ni 215/60R16, ghali kuliko ya Premio. Plagi ni sita. Na ile V6 yake, 4GR-FSE ya kizazi kile, iliandikiwa petroli ya oktani ya juu huko Japani.

Lakini sababu yangu kubwa iko kwenye kiti cha nyuma. Mark X inasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo katikati ya sakafu kuna mgongo mrefu ambamo shafti inapita. Premio inavutwa kwa mbele, sakafu yake ya nyuma iko karibu tambarare. Mtoto wa katikati kwenye Mark X anakaa amepanua miguu huku na huku ya ule mgongo, magoti yakiwagusa wenzake. Kwa kilomita 450 za kwenda Dar, mtajua. Nendeni yadi na watoto wote watatu, wafungwe mikanda, wakae dakika 20 mlango umefungwa. Muulizeni wa katikati anataka gari lipi.

Mkiamua Premio ya kizazi cha 2001 hadi 2007, injini ya cc 1,800 ni 1ZZ-FE, kama yangu. Zile za mwanzo zina sifa ya kula oili kwa sababu ya ringi za pistoni. Kabla ya kulipa, angalieni ndani ya bomba la moshi kwa kitambaa cheupe, na mwulizeni muuzaji kama anaweza kuliacha gari bila kuwashwa usiku mmoja, mlione likiwashwa asubuhi. La kizazi kilichofuata, cha 2007 kuendelea, lina injini ya familia ya 2ZR. Kama mfuko unaruhusu, ndilo ningechukua.

Asalaam aleykum Bi Mkubwa. Mie niko Mombasa, nina Allion ya 2012, cc 1,800. Kila nikienda Nairobi na familia napata 12.6 kwa lita, nikirudi napata 14.4. Njia ni ileile, gari ni lileile, mizigo ndiyo hiyohiyo. Makanika anasema petroli ya Nairobi ni bora. Kweli? — Baba, Kisauni

Waaleykum salaam kaka. Petroli yenu ya Nairobi inashushwa bandarini hapohapo Mombasa na kupanda kwa bomba, kwa hiyo hapo makanika amepotoka. Jibu liko kwenye kilima usichokiona.

Wewe unaanzia usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu. Mlima huo umetandazwa kwenye kilomita 480, ndiyo maana huuhisi mguuni, lakini injini inaulipia. Gari lako na watu wanne na mizigo tuseme ni kilo 1,600. Kulinyanyua gari hilo mita 1,700 kunahitaji nguvu ambayo injini ya petroli, inayopoteza sehemu kubwa ya moto wake kwenye rejeta na ekzosi, huipata kwa kuchoma kati ya lita mbili na nusu na tatu za ziada. Ukirudi, mlima unakusukuma na sehemu kubwa ya hizo lita unarudishiwa, isipokuwa zile unazozimaliza kwenye breki.

Namba zako zinalingana na hesabu hiyo hata nikafurahi. Kwenda: kilomita 480 kwa 12.6 ni lita 38.1. Kurudi: 33.3. Tofauti ni 4.8, yaani lita za ziada ulizochoma ukipanda ukijumlisha na ulizorudishiwa ukishuka. Gari lako ni zima na wewe ni mpimaji mwaminifu. Wastani wa safari nzima, chukua kilomita zote 960 ugawe kwa lita zote 71.4, ni 13.4, na hiyo ndiyo uandike kama namba ya Allion yako safarini.

Huku kwetu wanaotoka Dar kwenda Iringa wataona hivyohivyo, tena wao Kitonga wanauhisi.

Ni kweli ukitia mafuta alfajiri unapata mengi zaidi? — Msomaji, Tanga

Kidogo mno. Petroli inatanuka ikipata joto, lakini matangi ya sheli yako chini ya ardhi na joto lake halibadiliki sana kati ya alfajiri na mchana. Hata yangebadilika kwa nyuzi 5, kwenye lita 50 ungepata kama robo lita. Amka alfajiri kwa sababu barabara iko wazi. Faida utaiona kwenye foleni ulizozikwepa.

Shikamoo Mama. Baba yetu alifariki mwaka jana, ameacha Corona Premio ya 1999, cc 1,800. Kwenye droo ya dashibodi tumekuta daftari lake, ameandika kila lita tangu 2008. Wakati ule alikuwa anapata 12, mara nyingine 12 na nusu. Mimi nimeanza kuandika chini yake, napata 10.6. Kaka zangu wanasema gari limekwisha, tuliuze kwa chuma chakavu. Sijui kama ni gari au ni mimi sitaki kuliachia. — Binti, Moshi

Marahaba mwanangu, na poleni sana. Mungu amlaze mzee mahali pema. Nilipoisoma barua yako niliiweka chini nikatembea kidogo uani kabla ya kuimaliza.

Nikujibu kuhusu gari kwanza. Kushuka toka 12 hadi 10.6 kwa gari la umri huo si kukwisha. Ni asilimia 12 hivi, na asilimia 12 hupatikana kwenye vitu vidogo vikijumlishwa: matairi yenye upepo pungufu, chujio la hewa lililoziba kwa vumbi, sensa ya oksijeni iliyozeeka, breki zinazoshika kidogo. Tena barabara zako na za mzee huenda hazifanani. Ulisema yeye alikuwa anakwenda shamba Rombo na kurudi, wewe unazunguka mjini na kupeleka watoto shule. Safari fupifupi zinakula, kwa sababu injini inazimwa kabla haijapata moto vizuri.

Fanya jambo moja ambalo watu wengi hawana bahati ya kulifanya. Rudia safari ya mzee. Chagua Jumamosi, jaza tangi pale alipokuwa anajaza, jaza upepo asubuhi gari likiwa halijatembea kwa namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, nenda shamba, rudi, jaza tena. Kisha linganisha mstari wako na mistari yake ya safari ileile. Ukipata 11 na nusu au zaidi, waambie kaka zako gari la baba ni zima.

Kabla ya safari hiyo, kuna kitu ukitafute kwenye daftari. Kama injini ni 7A-FE, nayo nyingi za cc 1,800 za miaka ile ndizo hizo, ndani yake kuna belti ya taimingi ya mpira. Hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ikikatika, injini hiyo kwa bahati njema haivunji valvu, lakini gari litazimika papo hapo, na sitaki lizimike na wewe na watoto kwenye kona za Rombo. Watu wa daftari huandika matengenezo pembeni au kurasa za nyuma kabisa, kwa wino wa rangi nyingine. Geuza daftari la baba, anza kusoma kutoka nyuma, tafuta neno "belti" na namba ya odometa iliyo mbele yake. Ukiiona, nitumie hiyo namba pamoja na ile iliyopo sasa kwenye dashibodi, nikuambie umebakiwa na kilomita ngapi.